Mtoto Anayenyamaza Amejifunza Nini?

Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Sara Harkness na Charles Super, walichapisha makala kuhusu jambo ambalo walimu wengi wa Chebunyo, huku Bomet, wanalijua vizuri. Mapema katika miaka ya 1970 walikuwa wameishi Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho, kabla Bomet haijawa wilaya ya peke yake mwaka 1992. Watoto wadogo walisimuliwa hadithi fupi, kisha mtu mzima akawaomba waisimulie upya. Wengi walinyamaza. Nyumbani, watoto hao hao walikuwa wakielewa maagizo, wakitumwa na kutimiza, tena wakiwaangalia wadogo zao.

Mwalimu afanye nini na ukimya kama huo? Saikolojia ina nadharia kadhaa kuu za kujifunza, na kila moja inampa jibu tofauti. Naona kisa cha Kokwet ni kipimo kizuri cha kuzilinganisha, kwa sababu nadharia ya kujifunza isiyoweza kumweleza mtoto aliye mbele ya mwalimu haitamsaidia mwalimu huyo kitu.

Tuanze na nadharia ya tabia. Mwaka 1898 Edward Thorndike alieleza majaribio yake ya paka waliofungiwa ndani ya visanduku: kila tendo lililomfungulia paka mlango alilirudia upesi zaidi safari iliyofuata. Baadaye B. F. Skinner aliijenga hoja hiyo kuwa mfumo kamili. Tendo linalofuatwa na matokeo mema huimarika, lisilofuatwa na lolote hufifia. Kwa mtazamo huu, mtoto aliyesifiwa kila alipotii upesi, na kunyamazishwa kila alipopaza sauti mbele ya wakubwa, amefunzwa kunyamaza. Dawa yake ni kuisifu papo hapo kila hatua ndogo ya kusema. Nadharia hii ina nguvu katika mambo yanayohitaji mazoezi mengi, kama tahajia, jedwali la kuzidisha na mwandiko. Lakini wapo wanaoisingizia kuwa inatetea kiboko. Skinner mwenyewe alipinga adhabu, akisema huzuia tendo kwa muda bila kufundisha lingine la kushika nafasi yake. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na saikolojia iko upande wa sheria hiyo: fimbo humwongezea mtoto mnyamavu sababu ya kunyamaza.

Jean Piaget wa Uswisi aliuliza swali jingine: ndani ya akili ya mtoto kunatokea nini? Alimwaga maji kutoka bilauri pana hadi bilauri nyembamba mbele ya watoto, akawauliza kama maji yameongezeka. Wadogo walisema ndiyo, wakubwa wakasema hapana. Akahitimisha kwamba mtoto hujijengea maarifa kwa kushika na kujaribu vitu, na kwamba kufikiri kwake hupitia hatua. Kwa mwalimu wa hisabati hili ni somo kubwa: maharagwe ya kuhesabu na maziwa ya kupima kwa kikombe hutangulia tarakimu ubaoni. Ila njia ya Piaget ilitegemea sana mazungumzo, mtu mzima akiuliza na mtoto akieleza fikra zake. Kokwet, mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yaliyokwama. Anayetumia hatua za Piaget bila uangalifu anaweza kuuona ukimya akadhani akili haijakomaa.

Hapo ndipo Albert Bandura anaposaidia. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere, na watoto wakaiga. Jaribio alilochapisha mwaka 1965 lina funzo zaidi. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wengine. Lakini walipoahidiwa zawadi kwa kila tendo watakaloweza kulirudia, walionyesha kwamba walikuwa wamejifunza sawa na wenzao. Kumbe kujua ni jambo moja na kuonyesha unachojua ni jingine. Kwa ukimya wa Kokwet sijaona maelezo bora kuliko haya: huenda mtoto ameikamata hadithi yote, ila hajaona kwamba ni mahali pake kuisimulia mbele ya mkubwa.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, anatupa tiba. Alifundisha kwamba kuna mambo ambayo mtoto hayawezi peke yake lakini anayaweza akishikwa mkono na anayemzidi kidogo, na kwamba mafundisho yalenge hapo. Ushahidi wa jinsi watu wazima wanavyoupanga ukuaji wa mtoto unatoka Kokwet kwenyewe. Mwaka 1976 Super alionyesha kwamba mama wa Kikipsigis waliwafundisha watoto wachanga kuketi na kutembea kwa makusudi, na watoto hao waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakutangulia. Anayemzidi kidogo mtoto wa shule si lazima awe mwalimu. Dada au mwenzake wa gredi ya juu anaweza kuisikiliza hadithi kwanza, kwa Kikipsigis, kabla haijafika kwa mwalimu kwa Kiswahili au Kiingereza.

Nadharia hizi, basi, zinagawana kazi. Kwa mtoto mnyamavu, Bandura anatambua tatizo, Vygotsky anaonyesha mlango, Skinner anasaidia ujasiri mpya usipotee, na Piaget anakumbusha kwamba mikono pia hufikiri. Mfumo wa mtaala wa umilisi uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya mwaka 2017 unawataja Piaget na Vygotsky, pamoja na wanasaikolojia Bruner na Gardner. Kuwataja ni rahisi. Kazi iko katika tathmini, kwa kuwa tukiendelea kupima kwa swali moja la mdomo au la karatasi, tutapima ujasiri na lugha, kisha tuandike kwamba tumepima maarifa.

Tahadhari mbili. Utafiti wa Kokwet una takriban nusu karne. Chebunyo ya leo, huku chini Chepalungu kwenye mahindi na mifugo, ina wazazi waliosoma na simu majumbani, kwa hiyo mwalimu alichunguze darasa lake mwenyewe asiwabandike watoto jina la kabila. Pili, ukimya mwingine ni njaa, au sikio lisilosikia vizuri, na huo unahitaji chakula na daktari.

Mengine yakishaondolewa, ninawasihi walimu jambo moja. Kabla ya kuandika kwamba mtoto hajui, muulizeni kwa njia tatu: aonyeshe kwa mikono, amweleze mwenzake, aseme kwa lugha ya nyumbani. Ni dakika chache tu. Sifuri itakayoandikwa baada ya hapo itakuwa ya haki, na nina imani zitakuwa chache.