Bwawa Likijaa Tope

Mzazi akisikia mwanawe amechaguliwa kusoma uhandisi wa mazingira, mara nyingi huwazia miche ya miti na mifagio. Miti ina wataalamu wake. Fani hii, inayofundishwa Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam, hushughulika na maji safi, majitaka, taka ngumu na hewa, na chombo chake kikuu ni hesabu.

Chukua mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Mpita njia huona madimbwi ya kijani yanayonuka. Kumbe mabwawa ya aina hii ni mtambo usio na mota. Katika bwawa la mwanzo, lenye kina kirefu, tope hutuama na bakteria wasiotaka oksijeni huanza kulila. Yanayofuata huwa na kina kifupi. Mwani hutumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria wengine wakaitumia kumalizia uchafu uliobaki. Mayai ya minyoo huzama, vijidudu hufa kwa jua na kwa kukawia. Kukawia ndiko dawa yenyewe, na hesabu yake ni ya kugawanya tu: bwawa la mita za ujazo 5,000 likipokea 500 kwa siku, maji hukaa humo siku 10.

Sasa acha tope lijae hadi nusu. Ukisimama ukingoni, maji yako palepale. Lakini nafasi iliyobaki ni mita za ujazo 2,500, na siku zimekuwa 5. Hakuna kilichovunjika wala king'ora kilicholia. Maji yatokayo Vingunguti huingia Mto Msimbazi, na katika bonde lake watu hulima mchicha.

Ugumu wa fani hii kwetu uko hapa: kanuni zake nyingi zilizaliwa katika miji ya mabomba. Dar es Salaam walio wengi wana shimo la choo au karo. Uchafu wao hufika bwawani kwa gari la majitaka, ukiwa mzito kuliko ule wa bomba. Au haufiki: masika yakianza, wapo wanaotapisha vyoo, mvua ichukue. Mwanafunzi anayejua kukokotoa kipenyo cha bomba lakini hajajiuliza gari litaingiaje kwenye vichochoro vya Manzese, kwangu amesoma nusu.

Taka ngumu ni hivyo hivyo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilipeleka Jiji mahakamani kwa sababu ya dampo, wakashinda. Dampo likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu. Mahakama iliamua lisiwe wapi. Liwe wapi, na sakafu yake izuieje maji meusi yasifike visimani, ni swali la mhandisi.

Wewe wa kidato cha sita unayechagua chuo, ulizia maabara. Kipimo cha oksijeni inayoliwa na bakteria katika majitaka huchukua siku 5 kwenye nyuzi 20, bila njia ya mkato, kwa hiyo umeme na kabati la kutunzia sampuli viwepo kweli. Kisha uliza wanafunzi hupelekwa mabwawani mara ngapi kwa mwaka. Ukijibiwa mara moja, uliza chuo kingine.