Kabla Hujatuma Pesa ya Mjengo: Kuongeza Vyumba kwa Mama, Nyaramba

Kila bonasi ya majani chai ikiingia, tunapata maswali ya aina moja kutoka kwa wateja wenye kwao Nyamira. Mtu yuko Nairobi, Nakuru au Doha. Mama yuko Nyaramba, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa zamani, na watoto wamekubaliana kumwongezea: chumba cha kulala, bafu la ndani, na jikoni isiyojaa moshi. Pesa zimeshaanza kutumwa. Halafu swali linakuja: nikimtumia fundi pesa na kazi isifanyike, mnaweza kunirudishia?

Jibu la ukweli ni hili. Pesa uliyomtumia mtu kwa hiari yako, kwa namba sahihi na jina sahihi, si muamala uliokosewa. Tunachoweza kujaribu kurudisha ni pesa iliyoenda kwa namba ambayo hukukusudia, tena ikiwa mpokeaji hajaitoa. Fundi aliyekula pesa ya kuanzia kazi ni kesi ya chifu, ya polisi au ya korti. Lakini tukisikiliza vizuri, tunaona pesa nyingi ya mjengo hata haiibiwi. Inaishia kwenye kujenga kitu kimoja mara mbili. Ukuta unapigwa plasta leo, mwakani unachimbwa tena kupitisha paipu. Ndiyo maana leo tunazungumzia nyumba kwanza, simu baadaye.

Chora yote, jenga kidogo kidogo

Kujenga kadiri pesa inavyopatikana si kosa. Wengi wetu tumelelewa kwenye nyumba zilizojengwa hivyo. Shida ni kufikiria kadiri pesa inavyopatikana. Kaeni familia yote, hata kwa simu, mchore nyumba ya mwisho mnayoitaka, kisha mjenge kipande ambacho mfuko unaweza. Mchoro huo pia unahitajika kwa kaunti, kwa sababu sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi. Ada zake lipa kwenye namba rasmi ya kaunti na udai risiti. Usilipe kwa namba ya mtu binafsi, hata akikuambia ati anajua watu ofisini.

Halafu uliza maswali ambayo msingi pekee ndio unaweza kujibu. Kuna siku mtataka ghorofa juu ya hivi vyumba vipya? Kama ndiyo, injinia achore nguzo na msingi wa kubeba ghorofa sasa hivi. Kama hapana, msijidanganye na vyuma viwili vitatu vilivyoachwa vikitokeza juu ya ukuta, vikishika kutu. Vyuma hivyo havitabeba kitu.

Nyumba ya zamani imeshatulia kwenye udongo wake na ile mpya bado haijatulia. Fundi akizifunga pamoja kwa plasta tu, ufa utatokea palepale zinapokutana. Mwambie aache nafasi ndogo ya makusudi kwenye kiungo hicho na aifunike vizuri. Juu yake kuna tatizo kubwa zaidi, nalo ni bonde la mabati, pale paa mpya linapokutana na la zamani. Nyamira mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingine ni ya mawe. Bonde jembamba likijaa barafu na majani ya mikaratusi, maji yanarudi ndani ya nyumba. Kama mnaweza, paa jipya liwe na mteremko wake unaomwaga maji nje, lisimwage juu ya nyumba ya zamani.

Na kwa kuwa shamba lina mteremko, kata mtaro upande wa juu kabla ya kuchimba msingi. Mlango wa chumba cha mama usiwe na ngazi, na uwe mpana, kama sentimita 90. Leo anatembea vizuri, lakini kiti cha magurudumu hakipiti kwenye mlango wa sentimita 70.

Chumba cha katikati kinachobaki gizani

Kosa moja tunaliona sana kwenye picha ambazo wateja hututumia. Chumba kipya kinaegemezwa kwenye ukuta wenye dirisha, dirisha linazibwa au linakuwa mlango, na chumba cha zamani kinabaki gizani. Tangu siku hiyo taa inawaka saa nne asubuhi. Inatosha kuacha dirisha dogo juu ya ukuta wa katikati, au kuweka bati moja linalopitisha mwanga juu ya ukumbi. Mambo hayo ni bei rahisi sana kama yako kwenye mchoro.

Usiku wa huko kuna baridi, na mchana mabati yanachoma. Nyumba ya mabati bila dari inapata yote mawili, na mvua ikianza hamsikilizani. Pesa ikibana kati ya tiles na dari, sisi tungechagua dari. Tiles zinaweza kungoja, na wageni wa Desemba watavumilia sakafu ya simiti.

Hesabu ya shawa

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Tuseme mama ana balbu tano za LED za wati 9, kila moja inawaka saa tano kwa siku. Kwa mwezi ni uniti kama 7. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne kila siku ni uniti 6 hivi. Ongeza simu na redio, bado yuko chini ya uniti 20.

Sasa weka ile shawa ya kupasha maji papo hapo, ya wati 5,000. Watu watano, kila mmoja dakika sita. Hiyo ni nusu saa kwa siku, uniti 2.5, yaani uniti 75 kwa mwezi. Kwa mpangilio wa bei za stima ulioanza Aprili 2023, nyumba ya uniti zisizozidi 30 kwa mwezi iko kwenye bei ya chini kabisa. Kutoka hapo hadi 100 ni daraja la pili, na juu ya 100 ni la tatu. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu. Kwa hivyo shawa moja inamtoa mama kwenye daraja la chini, na ukiongeza friji anaenda la tatu, na hata uniti za taa zinapanda bei. Watoto wanaomnunulia tokeni kutoka mbali wanaanza kulalamika kwamba mita ni mbovu. Mita iko sawa.

Hatusemi asioge maji moto. Tunasema bafu lichorwe likiwa na njia mbili. Paipu ya maji moto ipite ukutani sasa, ielekee darini, ili siku mkipata tangi la kupasha maji kwa jua liunganishwe tu. Tangi la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200, kwa hivyo mbao za paa hapo ziwe nene na zishikane vizuri. Shawa ya stima, kama itakuwepo, ipate waya wake nene na swichi yake. Isiazime waya wa soketi.

Fanya hivyohivyo kwa sola. Nyaramba iko karibu kabisa na ikweta, jua linapita juu ya kichwa, kwa hivyo upande ambao paa linatazama si jambo la kubishania sana. Kivuli ndicho adui. Mkaratusi wa jirani ukitupa kivuli kwenye kona ya paneli mchana, paneli nzima inalegea. Pitisha paipu tupu ya plastiki kutoka paani hadi pale betri itakapokaa, uzibe ncha zake, basi. Hata kama sola ni ya kulipia kidogo kidogo kwa simu miaka miwili ijayo, hakuna ukuta utakaopasuliwa.

Kwa jikoni, weka soketi yenye waya wake mwenyewe kwa sufuria ya stima ya baadaye, na tundu la kupitisha bomba la gesi ili mtungi ukae nje. Lakini usibomoe jiko la kuni la zamani. Mama atakuambia asante kwa gesi, halafu utakuta obokima unapikwa kulekule. Mwekeeni bomba la moshi, mambo yaishe.

Na radi. Mtu wa Gusii hahitaji kuelezwa. Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, aweke waya wa ardhini unaofika ardhini kweli, na uulizie kinga ya radi kwa nyumba nzima wakati paa liko wazi. Mwishoni akupe cheti cha kazi ya nyaya. Bila hicho cheti usimalize kumlipa.

Maji ya bure

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa jipya la mita za mraba 40, kwenye mwezi wa milimita 100, linakusanya kama lita 4,000, toa kidogo ya kupotea. Mita 40 ni chumba, bafu na jikoni tu. Kwa hivyo gata na msingi wa tangi viwe kwenye bajeti ya mwanzo, tangi lenyewe litafuata.

Sasa pesa

Bonasi huja karibu na Oktoba, wakati mvua bado iko. Mwezi huo nunua mawe, matofali na mchanga. Simiti usinunue. Ikikaa miezi mitatu kwenye stoo yenye unyevu inaanza kuganda na kupoteza nguvu. Inunue Desemba au Januari mvua ikipungua, kazi ya msingi ikiwa tayari. Zege limwagiwe maji siku saba angalau, hata fundi akisema limekauka.

Pesa ya vifaa isipitie kwa fundi. Lipa hadiwea moja kwa moja kwenye till yao, hakikisha jina linalotokea ni la duka, na uombe risiti yenye idadi ya mifuko. Kwa kawaida mnunuzi halipi ada kwenye till, na hakuna ada ya kutoa. Ukituma elfu mbili mbili mara kumi, umelipa ada mara kumi. Kumbuka pia mipaka: hapa Kenya muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na salio la simu haliwezi kupita 500,000. Ukipanga kulipia mabati yote siku moja, weka hilo akilini.

Angalia jina kabla ya PIN, hasa ukituma kwa jina ulilohifadhi kwenye simu. Kwa Ekegusii "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Bibi arusi kutoka Machakos akishika simu ya mumewe na kutuma pesa ya mchanga kwa "Baba", mzee atangoja sana. Jina linalotoka kwenye usajili ndilo la kuamini.

Fundi naye alipwe kwa hatua: msingi, ukuta hadi lenta, paa, nyaya na paipu, plasta, dari. Andikeni karatasi, namba ya kitambulisho na shahidi mmoja. Kila hatua ikiisha, mtu mmoja mliyemchagua apige picha. Msimbebeshe mama kazi hiyo, maana atamwonea fundi huruma kwa vile ni mtoto wa jirani. Mpeni binamu, na mumlipe kitu kidogo, awe na sababu ya kwenda kuangalia hata kukinyesha.

Picha muhimu kuliko zote ni za kuta kabla ya plasta, futi ya kupimia ikiwa imewekwa kando ya kila paipu na kila waya. Zihifadhi pamoja na taarifa ya miamala ya mwezi huo. Fundi wa sola atakayekuja baada ya miaka mitatu ataziomba, ili ajue pa kutoboa.

Na katika ile karatasi, andikeni tangu mwanzo kwamba asilimia kumi ya pesa ya fundi inabaki kwenu hadi mvua kubwa ya Aprili inyeshe mara mbili tatu. Siku hiyo mpigie mama, umwambie asimame chini ya lile bonde la mabati aangalie juu. Kama pamekauka, tuma.