Uji Unaopika Ukiwa Bakulini

Katika vituo vya wachuuzi wa chakula nchini Singapore, uji wa mchele wa Kikantoni hufika mezani kazi yake ikiwa haijaisha. Chini ya bakuli kumepasuliwa yai bichi, pengine kukatandazwa vipande vya samaki vilivyokatwa vyembamba sana, kisha muuzaji akamimina juu yake uji uliokuwa ukitokota muda huohuo. Juu kabisa kuna nyuzi za tangawizi, majani ya vitunguu, pilipili manga nyeupe na matone ya mafuta ya ufuta. Mgeni huuacha upoe kidogo. Mwenyeji hutia kijiko mpaka chini na kukoroga papo hapo, kwa sababu anajua kwamba moto uliomo bakulini ndio utakaoivisha yai lake.

Mambo mengi kuhusu chakula hiki, utamu wake na hatari zake, yanaelezeka kwa jambo hilo moja: uzito wa uji na joto unaolihifadhi.

Tuanze na mchele. Ndani ya punje mna chembechembe ndogo za wanga. Maji yanapofika nyuzi joto 65 hadi 75 hivi, chembe hizo hunywa maji, huvimba na kulegea. Wali huishia hapo: punje imeiva, lakini bado ni punje. Mpishi wa Kikantoni huendelea. Kwa sehemu moja ya mchele huweka sehemu 10 za maji, mara nyingi zaidi ya hizo, na huacha sufuria ichemke kwa saa kadhaa. Chembe za wanga hupasuka, wanga huvujia majini, na kukoroga kunazivunja punje zilizobaki. Mwishowe kijiko hakioni tena tofauti ya mchele na maji. Uji huu haukuongezwa unga wala maziwa. Ule ulaini wote umetoka ndani ya punje.

Wachina wa asili ya Teochew, walio wengi pia Singapore, wana uji wao ambao punje hubaki nzima kwenye maji yake na huliwa pamoja na vitoweo vya pembeni. Ni mzuri kwa namna yake, ila ni chakula kingine. Wakantoni, waliofika kutoka jimbo la Guangdong kusini mwa China, huutia uji wao kila kitu ndani.

Sasa joto. Maji ya moto yakiwa bakulini hupoa upesi kwa kuwa yaliyopoa juu huzama na ya moto hupanda, mzunguko usiokoma. Uji mzito hauzunguki kwa wepesi huo. Uso wake hupoa na kufanya utando, lakini katikati hubaki moto kwa muda mrefu, na ndiyo maana anayedanganywa na ule uso huunguza ulimi. Ndiyo maana pia kipande cha samaki chembamba kama kadi hubadilika kutoka kung'aa hadi kuwa cheupe kikiwa mle ndani. Nyama ya kusaga na maini haviachiwi bakuli. Muuzaji huchota uji mweupe kutoka sufuria kuu kwa upawa, akautia kwenye sufuria ndogo, akaongeza nyama na kuwasha moto mkali hadi vichemke pamoja. Kila bakuli hupikwa hivyo, peke yake, kwa mteja mmoja. Foleni ndefu mbele ya kibanda cha uji husababishwa zaidi na hilo.

Hapa kuna somo ambalo Singapore ililipata kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi vibanda vya uji viliuza pia sahani ya samaki wabichi wa maji baridi, waliokatwa vipande vyembamba na kunyunyiziwa tangawizi na mafuta ya ufuta. Kuna waliowachovya kwenye uji, na kuna waliowala wakiwa wabichi. Mwaka 2015 ulizuka ugonjwa uliosababishwa na bakteria aina ya streptokokasi wa kundi B, ambao kwa kawaida huwasumbua zaidi watoto wachanga na wenye maradhi mengine. Safari hii waliougua ni pamoja na watu wazima wenye afya njema, wengine wakipata homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya viungo. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa samaki wale. Kufikia Desemba mwaka huo serikali ilikuwa imepiga marufuku kuuza samaki wa maji baridi kama chakula cha kuliwa kibichi. Naona amri ile ilikuwa ya haki. Bakteria hao hufa wakipikwa, lakini kuchovya si kupika, na mila haimlindi mlaji dhidi ya kitu asichokiona.

Kitoweo kinachowashangaza wageni zaidi ni yai jeusi. Ni yai la bata lililohifadhiwa kwa wiki kadhaa ndani ya mchanganyiko wa chokaa, majivu, chumvi na majani ya chai. Ukali wa chokaa na majivu hupenya ganda na kuigandisha protini bila moto wowote. Ute huwa kama jeli ya rangi ya kahawia inayopitisha mwanga, na kiini hugeuka kijani kilichokolea, kizito, chenye harufu kali kidogo. Likiliwa peke yake humshinda mtu. Ndani ya uji mweupe, pamoja na nyama isiyo na mafuta, ukali wake husambaa ukawa kiungo. Kwa maoni yangu hakuna kitoweo kingine kinachoufaa uji huu zaidi.

Vibanda vyenyewe vina historia fupi kuliko uji. Wachuuzi hawa zamani waliuza barabarani. Kati ya mwaka 1968 na 1969 serikali iliwaandikisha, na kuanzia miaka ya 1970 ikawajengea vituo vyenye maji ya bomba, mifereji na meza za pamoja. Desemba 2020 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Maxwell na Chinatown Complex ni vituo viwili ambamo uji wa Kikantoni una wateja wake wa asubuhi na mapema. Msomaji Mwislamu akifika huko asidhani bakuli la samaki ni salama kwake kwa kuwa halina nguruwe: upawa na sufuria ni zilezile zinazotumika kwa nyama ya nguruwe. Atafute kibanda chenye cheti cha halali cha Muis, baraza la Kiislamu la nchi hiyo.

Kuhusu afya, uji huu una sifa mbili zinazovutana. Ni mwepesi tumboni, na ndiyo sababu hupewa wagonjwa na wazee. Lakini wanga uliopasuka kiasi hicho humeng'enywa haraka, na sukari ya damu hupanda haraka. Mwenye kisukari achukue bakuli dogo lenye samaki au yai kwa wingi, aache vile vijiti vya unga wa ngano vilivyokaangwa vinavyouzwa pembeni, na asiongeze mchuzi wa soya, kwa sababu ya chumvi. Tena bakuli la nusu lita lina takribani gramu 40 hadi 60 tu za mchele mkavu. Mgonjwa au mtoto anayelishwa uji mweupe mtupu kwa siku nyingi anakosa nguvu na protini hata kama tumbo limejaa.

Ukitaka kuupika nyumbani, usinunue mchele wa bei. Nunua chenga. Punje iliyokwisha kuvunjika hutoa wanga wake mapema, na wapo wapishi wa Kikantoni wanaovunja mchele makusudi. Osha kikombe kimoja, loweka nusu saa, changanya na chumvi kidogo na kijiko cha mafuta. Chemsha vikombe 10 vya maji kwanza, ndipo utie mchele; koroga mwanzoni usishike chini, kisha moto mdogo kwa saa moja na nusu, na dakika kumi za mwisho koroga kwa nguvu. Ukihitaji maji zaidi, ongeza ya moto. Kata changu au samaki mwingine vipande vyembamba na uvitie sufuriani, si bakulini, vichemke dakika mbili kabla ya kupakua.

Uji uliobaki usiuache mezani usiku kucha. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka, na zikikaa kwenye wanga vuguvugu humea na kutoa sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Ugawe kwenye vyombo vidogo upoe upesi, kisha uweke kwenye friji.