Tindo ikifunguka kichwa, chunga macho

Ndugu wachimbaji wa Mongbwalu, wa Djugu na kwingine mu Ituri, angalieni kichwa cha tindo yenu, ile tunaita burin. Nyundo inakipiga kila siku, mwisho kinafunguka kama uyoga. Wengi wanasema chuma kimelegea. Hapana. Pale kimekazika, na hatari iko palepale.

Ndani ya chuma kuna punje ndogo zimeshikana, macho hayazione. Chuma kikipigwa baridi, punje zinafinyangwa, na ndani yazo chuma hakitelezi tena vizuri. Kinakuwa kigumu, lakini kinapoteza kukunjika. Kunja waya palepale, huku na huku: kwanza inakaza, kisha inakatika. Ni vile.

Wenye sayansi wamefikisha jambo hilo mbali. Mwaka 2004, Brian Cantor kule Uingereza na Jien-Wei Yeh kule Taiwan walitangaza namna mpya ya kuchanganya metali nyingi, karibu kwa vipimo sawa. Mmoja unajulikana sana: chuma, nikeli, kromu, manganizi na kobalti. Kobalti yenyewe, zaidi ya nusu ya ile inachimbwa duniani inatoka kwetu Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi.

Mchanganyiko huo ukiwa laini, ugumu wake kwa kipimo cha Vickers ni karibu 160. Wakaubana kwa nguvu kubwa sana huku wanauzungusha, ukapita 500. Punje zikabakia nanometa 50 hivi. Milimita moja ina nanometa milioni. Wakaupasha digrii 450 kwa saa nyingi: ukakaza tena zaidi, lakini ukawa wa kupasuka upesi.

Somo ni lile la shimo letu: kitu kigumu kinaweza kuvunjika. Kichwa cha uyoga kinarusha vipande vyenye makali, na jicho haliuzwe sokoni.

Sisi wa sendika tunaomba mambo matatu. Asubuhi, mbele ya kushuka, kila mtu aangalie tindo yake. Ikiwa imefunguka, fundi asage uyoga wote mpaka uishe. Akikaza ncha kwa moto na maji, kichwa asikizamishe, kibakie laini. Na PDG wa shimo alete miwani ya kazi, ya wapigaji na ya wenye kushika tindo pia. Nyinyi mama mnaotwanga mawe kwa nyundo, miwani hiyo ni yenu vilevile. Muiombe pamoja, si mmoja mmoja.