Ubishi wangu wa bolti nusura unizamishe!

Hapa Dar mtu akipata visenti hununua gari, mwingine huongeza mke. Mwenzenu nilijenga katamarani!

Ni chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa boriti. Ramani ilikuwa ya James Wharram, Mwingereza aliyejenga katamarani yake ya mbao, Tangaroa, mwaka 1954, akavuka nayo Atlantiki hadi Trinidad. Alifariki 2021, akiwa ameuza ramani kwa maelfu ya watu wanaojijengea wenyewe nyumbani.

Mimi nilichagua Tiki 21, yenye urefu wa futi 21. Rory McDougall alijijengea ya aina hiyo hiyo, akaizunguka dunia kati ya 1991 na 1997. Nikasema, mwenzangu kazunguka dunia, mimi Kunduchi hadi Mbudya itanishinda?

Basi nikaanza. Unakata plaiwudi ya majini, unaishona kingo kwa waya wa shaba kama fundi cherehani, kisha unaigandisha kwa gundi ya epoksi. Pesa za kiwanja zikaishia humo. Mama watoto akaninunia wiki tatu, na majirani wakaniita Nuhu.

Sasa sikia kituko. Ramani ilisema boriti zifungwe kwa kamba. Kamba! Nikacheka. Karne hii? Nikanunua bolti nene, nikatoboa, nikakaza.

Mzee mmoja wa pale ufukweni, fundi wa ngalawa, akatikisa kichwa. "Mwanangu, bahari haivunji kinachocheza. Huvunja kilichokakamaa."

Nikamwona mshamba.

Jumapili moja nikatweka tanga na mwanangu wa miaka kumi na mbili. Tulipofika katikati, kusi ikachachamaa. Mtumbwi wa kulia ukapanda wimbi, wa kushoto ukashuka. Ghafla, kra! Bolti imepasua mbao, na maji yanaingia. Jamani, niliona uso wa mwanangu umebadilika, nikajutia kila senti na kila kicheko.

"Baba, tunazama?"

"Chota maji, mwanangu!"

Nikashusha tanga, nikakata kamba ya nanga, nikaizungusha kwenye boriti mara kumi, nikakaza kwa meno. Ikashika! Tukarudi taratibu, mtoto akichota bila kusema neno.

Kesho yake nikamfuata yule mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta bolti au kamba?"

Nilicheka kwa aibu. Akanielewesha kwamba bolti hurundika nguvu yote ya wimbi kwenye tundu moja, ila kamba huigawa na kuachia kidogo. Kumbe babu zetu walijua: mtepe wa pwani hii ulishonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja!

Tuliziba matundu, tukafunga upya. Sasa mwaka wa nne. Usidhani kazi imekwisha, maana chombo ni kama ng'ombe wa maziwa, kila siku kinataka kitu. Jua linakula kamba, chaza wanaganda chini, rangi inabanduka. Kabla ya kila safari nazipapasa kamba zote kwa mkono, moja moja.

Mwanangu amerudi baharini, ila kwa sharti lake: fundo la mwisho analikagua yeye.

Na mama watoto? Jumapili hii kaniuliza mwenyewe, "Leo hatuendi Mbudya?"