Mtaro wa bomba kwenye mwamba: kina pekee hakitoshi

Mji wa Arusha umejengwa miguuni mwa Mlima Meru, volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Chini ya bustani zake kuna majivu laini, mawe yaliyobebwa na tope la milipuko ya kale, na mahali pengine lava iliyoganda ikawa mwamba mtupu. Tabaka hizi hubadilika ndani ya kiwanja kimoja: mchimbaji wa mtaro wa mabomba ya vinyunyizio huenda kwa jembe hatua kadhaa, mara sululu ikagonga jiwe lisilotikisika. Hapo ndipo fedha hupotea, kwa kuwa mwenye nyumba hung'ang'ania kina kilekile mwanzo hadi mwisho. Katika ardhi kama hii, bomba hulindwa zaidi na kinacholizunguka na njia linakopita kuliko wingi wa mwamba uliovunjwa.

Tujiulize kina ni cha nini. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, bomba la maji hufukiwa chini sana ili maji yasigande na kulipasua. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, haina tatizo hilo. Yanayobaki ni jua linalodhoofisha plastiki, jembe la mtunza bustani na magurudumu ya gari. Kwa mawili ya kwanza, udongo wa sentimita 25 hadi 30 juu ya bomba unatosha. Mtaro wa sentimita 40 basi unakidhi haja. Ukiushusha hadi 70 kwa urefu wa mita 50 na upana wa sentimita 30, umeongeza mita za ujazo 4.5 za kuvunja. Kama zote ni mwamba mgumu, hizo ni zaidi ya tani 10 za kupasua kwa nyundo na mtalimbo, kisha kuzitafutia pa kutupa.

Nguvu hiyo ingefaa zaidi kwingine. Adui mkubwa wa bomba lililofukiwa ni ncha ya jiwe inayolikandamiza mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, hadi linapasuka. Kina hakiondoi ncha hiyo. Dawa yake ni kulaza bomba juu ya mchanga wa sentimita 10 na kulifunika kwa kiasi hichohicho kabla ya kurudisha kifusi. Mchanga ukiwa ghali, majivu yaliyotoka mtaroni yachekechwe kuondoa mawe. Na jiwe kubwa likizuia njia, lizungukwe: bomba jeusi la HDPE la milimita 32 hupinda taratibu bila kiungio, mradi kona isiwe kali.

Wapo watakaosema kona hupunguza kasi ya maji. Ni kweli, ila upotevu wa pinda pana ni mdogo ukilinganishwa na ule wa bomba jembamba kupita kiasi, kosa ambalo mtaro wa kina chochote haulirekebishi. Wengine watahofia jembe. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni utepe wa tahadhari juu ya bomba pamoja na mchoro wenye vipimo kutoka ukutani. Mahali ambapo kina ni lazima ni njia ya gari: hapo shuka hadi sentimita 60, au pitisha bomba ndani ya bomba kubwa zaidi lililozungushiwa zege.

Hoja nzito kuliko zote inahusu uvujaji. Katika udongo wa mfinyanzi, maji yanayovuja hujitokeza juu na kuonekana. Kwenye majivu na mawe yenye matundu huzama moja kwa moja, na mwenye nyumba hugundua bili ikishapanda. Kwa hiyo kabla ya kufukia, toa hewa yote, jaza maji, funga koki, acha viungio bila kufunikwa na uangalie kama kipimo cha shinikizo kinashuka. Ukiajiri fundi, usimpime kwa kina cha shimo. Mtake akuonyeshe mchanga chini ya bomba na kipimo kilichotulia, ndipo umlipe.