Mbona Mavi ya Ng'ombe Ni Doo Kiambu, Lakini Uholanzi Mkulima Analipa Ndio Itolewe Kwake?

Najua ulikuja kutafuta udaku. Lakini leo nipe dakika tatu tu tuongelee mavi. Ya ng'ombe. Kama kila Machi mathe anakupigia kutoka ushago akisema "tuma ya fatalaiza", hii stori inakuhusu kuliko ile ya nani ameachana na nani.

Unakumbuka 2022? Gunia ya DAP ya kilo 50 ilipita 6,000. Wasee wengi ndio wakakumbuka kuna rundo nyuma ya zizi. Shida ni kwamba rundo si rundo. Mbolea ya Kiambu na ya Vihiga zinaweza kufanana kwa macho, lakini kwa udongo ni vitu viwili tofauti.

Siri ni hii: ng'ombe hatengenezi rutuba. Anaibeba tu. Yenye iliingia kwa mdomo ndiyo inatokea nyuma, ikiwa imepungua ile imeenda kwa maziwa na nyama. Kwa hivyo ukitaka kujua mbolea ni ya nguvu, uliza kwanza huyo ng'ombe alikula nini, na hiyo chakula ilitoka kwa shamba ya nani.

Cheki Kiambu. Friesian anakaa zizini siku mzima, sakafu ya simiti, paa juu, analetewa nepia. Jioni akikamuliwa anaongezewa chakula ya gunia kutoka agroveti. Hiyo gunia ina mashudu ya pamba na alizeti, na pumba za mahindi na ngano, vitu vilivyomea mbali huko. Kumaanisha shamba ya Kiambu inakula udongo ya watu wengine kupitia tumbo ya ng'ombe. Ndio maana huko mbolea inapimwa kwa pikapu na inauzwa.

Na bado haiwatoshi. Malori yanashuka Kajiado na Narok kununua mbolea ya boma. Huko mifugo wanalisha nyika kubwa mchana, usiku wanalala mahali pamoja, mavi inajipanga miaka na miaka. Nyasi ya Kajiado inaishia kuwa kabeji ya Limuru, manze. Ukinunua hiyo, chunga tu: mara nyingi imebeba mchanga na mbegu za magugu, na wewe unalipia uzito wote.

Sasa enda Vihiga. Watu wamejaa, shamba nyingi hazifiki hata ekari moja. Ng'ombe ni mmoja ama wawili, wengi wamefungwa kamba kando ya barabara. Analishwa nepia ya hapo hapo na mabua ya mahindi ya hapo hapo, chakula ya gunia ni ya nadra. Rutuba inazunguka tu kwa boma, hakuna mpya inaingia. Na hiyo kidogo inamwagwa kwa migomba na mboga karibu na nyumba kwa sababu ni nzito kubeba. Mahindi ya kule mbali inabaki njaa, alafu kayongo, lile gugu la maua ya zambarau, linajifanya landilodi. Usiambie mathe ni mvivu. Hesabu ndiyo mbaya.

Uholanzi ni kinyume kabisa. Ng'ombe wao wanakula soya imetoka Brazil na meli, kwa nchi ndogo, mpaka mavi imezidi udongo. Sheria ya Ulaya ya 1991 inaweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya mbolea ya mifugo kwa hekta kwa mwaka, juu ikizidi inaingia kwa maji. Waholanzi walikuwa na ruhusa ya kupita hapo, ikakatwa polepole hadi mwisho wa 2025. Mwenye amejaza analipa lori ndio ichukuliwe. Mkulima wa Kiambu akisikia hiyo anaweza lia.

Hatuwezi leta meli ya soya Vihiga. Lakini kuna kitu tunamwaga bure kila siku, na ni mkojo. Karibu nusu ya naitrojeni inayotoka kwa ng'ombe iko kwa mkojo, na potasiamu nyingi pia. Kwa kamba kando ya barabara, yote inamezwa na ardhi. Hata Kiambu, pale simiti imewekwa mtaro unaoelekea kwa mto, ni kupoteza tu. Na ile harufu kali inakuchoma pua ukikaribia rundo? Hiyo ni naitrojeni inapaa. Ni pesa ya mathe inaenda hewani.

So hii Disemba ukienda ushago, kabla ukule hiyo chapo, fanya hivi. Tandika mabua makavu ama nyasi pale ng'ombe analala, yanyonye mkojo. Beba hayo yote uweke rundo chini ya mti, funika na majani ya mgomba ama karatasi ya nailoni, mvua isioshe na jua lisikaushe. Kaa nayo kama miezi mitatu ukiigeuza mara moja moja. Ile joto ya ndani inaua mbegu nyingi za magugu. Ikipoa, iwe nyeusi na inavunjika mkononi, iko tayari.

Usiimwage juu juu shamba nzima. Weka viganja viwili kwa kila shimo ya mahindi, ongeza fatalaiza kidogo, changanya na udongo, alafu mbegu. Na anza na ile shamba ya mbali. Migomba ya karibu na nyumba imeshiba.